UZI: Diski ilale, isimame au ipinduliwe? Kufunga diski ndani ya kompyuta, hasa kwa sisi wa Lamu tunaoishi na chumvi

FundiMkomani (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum wanajukwaa.

Naanzisha uzi huu kwa sababu kuna jambo limenichosha. Mtu analeta kompyuta, diski imekufa, na kabla sijashika bisibisi ashaniambia: "Fundi, nadhani ni kwa kuwa niliisimamisha." Mwengine anaapa kwamba diski sharti ilale chali, kibandiko juu, la sivyo haimalizi mwaka. Na baadhi ya mafundi wenzangu wanaieneza imani hii kwa sauti nzito, basi wateja wanaipokea kama aya.

Nasema msimamo wangu mapema ili anayetaka kubisha ajiandae. Mkao hauui diski. Kinachoiua ni kutofungwa barabara, na hapa kwetu, hewa.

Tuanze na mkao. Diski ya kuzunguka ina sahani zinazokwenda mizunguko 5400 au 7200 kwa dakika. Juu na chini ya kila sahani kuna kichwa cha kusomea, na kichwa hicho hakigusi sahani: kinaelea juu ya utando wa hewa wa nanomita chache tu. Watu wakisikia hivyo wanadhani ukiipindua, kichwa "kitaanguka". Hakianguki. Kimeshikwa kwenye ncha ya mkono mwembamba wa chuma ulio kama chemchemi, unaokibana kuelekea kwenye sahani, huku hewa inayokokotwa na sahani ikikisukuma kirudi. Nguvu hizo mbili ni kubwa mno ukilinganisha na uzito wa kichwa chenyewe, ambacho ni kitu kidogo kuliko chembe ya mchele. Ukiilaza, ukiisimamisha kwa ubavu, ukiisimamisha kwa ncha au ukiipindua kifudifudi, vichwa havijui tofauti.

Seagate na Western Digital, watengenezaji wa diski, wote wanaruhusu mkao wowote katika miongozo yao, mradi skrubu zimefungwa inavyotakiwa. Ninachowashauri mimi ni kukaa kwenye pembe kamili: ilale sawasawa au isimame sawasawa. Ukiiona diski imekaa mshazari ndani ya CPU (yaani kesi ya kompyuta), mara nyingi maana yake ni kwamba skrubu upande mmoja hazipo.

Imani ya zamani ina asili yake, si uzushi mtupu. Diski za mwanzo za kompyuta ndogo, mfano ile ST-506 ya mwaka 1980 iliyobeba megabaiti 5 tu, zilisogeza vichwa kwa mota ya hatua: mota inapiga hatua kadhaa na kuamini imefika. Haikuwa na njia ya kuangalia kama kichwa kipo hasa juu ya mstari. Ukiiformati diski hiyo ikiwa imelala kisha ukaisimamisha, vichwa vilikengeuka kidogo na kusoma kukawa kwa shida. Wazee wa fani wakashika kanuni: formati katika mkao utakaoitumia. Ilikuwa kanuni sahihi kwa wakati wake. Baadaye zikaja diski zinazosogeza vichwa kwa koili na sumaku, na alama za mwongozo zimeandikwa kwenye sahani zenyewe, kichwa kinajirekebisha muda wote kinaposoma. Kanuni ikabaki midomoni, diski zake zimekwisha kuwa vyuma chakavu.

Sehemu ya pili, ya skrubu, naiandika baada ya Isha. Karibuni.

---

MzeeWaLangoni

Fundi, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Yeo nimefahamu yambo. Lakini hujanijibu mimi: ile ya kwangu ilikuwa imelala chali miaka yote, haikusimamishwa hata mara moya, na bado ilikufa. Sasa iliuawa na nini?

---

FundiMkomani

Mzee wangu, shikamoo. Kama ni ile niliyoifungua mbele yako, ilikuwa imelala chali ndiyo, lakini ilikuwa imelala juu ya kipande cha boksi la viatu. Aliyeiweka hakuwa na skrubu akaona boksi litatosha. Naijia hiyo sasa hivi.

---

Binti_Faza

Mie nasubiri ya skrubu. Nina diski ya inchi 3.5 imekuja bila kitu, na kopo la skrubu la marehemu baba lina kila aina. Zote zinaonekana sawa machoni.

---

FundiMkomani

SEHEMU YA PILI: SKRUBU

Bi Faza umeuliza penyewe. Diski ya inchi 3.5 na ya inchi 2.5 hazitumii skrubu moja. Kubwa hutumia kipimo kinachoitwa 6-32, nyuzi nene zilizoachana. Ndogo, pamoja na SSD (diski zisizo na kinachozunguka) za umbo hilo, hutumia M3, nyuzi nyembamba zilizosongamana. Ziweke mbili ubavu kwa ubavu kwenye mwanga wa dirisha utaziona: kwenye 6-32 unaweza kuhesabu nyuzi kwa jicho, kwenye M3 zinachanganyika. Njia nyingine ni vidole. Weka skrubu kwenye tundu la diski na uizungushe kwa vidole bila bisibisi. Ikiwa ni yake, inaingia mizunguko miwili mitatu kwa ulaini. M3 kwenye tundu la 6-32 itaingia ikichezacheza na haikazi kamwe. 6-32 kwenye tundu la M3 inagoma mwanzoni tu, na hapo ndipo vijana wetu huchukua bisibisi na kuilazimisha. Mwili wa diski ni aluminiamu, laini. Ukishaukata uzi wake basi, hilo tundu umelipoteza.

Diski kubwa ina matundu ubavuni na chini. Kesi nyingi hutumia ya ubavuni, fremu nyingine za plastiki hutumia ya chini. Diski mpya zenye nafasi kubwa sana zimehamisha baadhi ya matundu, la katikati ubavuni halipo tena, kwa hivyo ukiona fremu ya zamani hailingani usidhani umeuziwa feki.

Tumieni skrubu nne. Sio mbili upande mmoja kwa kuwa upande wa pili "hauonekani". Nitaeleza kwa nini.

Kwenye diski ya leo mistari ya data imebanana kiasi kwamba ndani ya inchi moja mna zaidi ya laki mbili. Kichwa kinaporuka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine kinaruka kwa kasi kubwa, na kila kinapoondoka kwa nguvu upande huu, mwili mzima wa diski unasukumwa upande ule. Ikiwa diski imefungwa kwenye chuma kizito cha kesi, msukumo unapotelea humo. Ikiwa imeshikwa upande mmoja, inatikisika, kichwa kinakosa mstari, kinasubiri sahani izunguke tena, kinajaribu upya. Mtumiaji haoni kitu ila anasema "kompyuta imekuwa nzito". Anaambiwa ana virusi, anapigiwa Windows upya, analipa, na diski bado inacheza kwenye skrubu moja.

Kama mna shaka, mwaka 2008 mhandisi mmoja wa Sun Microsystems, Brendan Gregg, alisimama mbele ya rafu ya diski akazipigia kelele kwa mdomo wake huku akipima kasi. Muda wa kusoma na kuandika uliruka juu kila alipopiga kelele. Hiyo ni sauti ya binadamu tu.

Kukaza: Seagate wanataja kikomo cha paundi-inchi 6, yaani kama Nm 0.68. Kwa lugha ya benchi ni bisibisi fupi, kidole gumba na cha shahada, mpaka ikatae, halafu basi. Msitumie mashine ya kufungia makabati. Na skrubu isiwe ndefu. Ikipita urefu wa tundu, hasa kwa matundu ya chini, inaweza kufika kwenye bodi ya saketi.

Nikirudi kwa boksi la viatu la Mzee. Boksi linafanya madhara kwa njia tatu kwa pamoja. Diski inacheza, joto la chini halina pa kutokea kwa kuwa chuma cha diski hakigusi chuma cha kesi, na bodi ya saketi imekaa juu ya karatasi inayokunywa unyevu wa bahari usiku kucha. Nilipolitoa lilikuwa limelainika kama mkate uliochovywa chai.

---

SaibaYaPwani

Fundi mimi nina saiba, mashine zote ni eksi-UK kutoka Mombasa, ndogo zile za ofisini. Baadhi ni Dell zina fremu ya plastiki ya buluu, unabana tu inaingia, haina skrubu. Na zile HP zina skrubu zenye mpira. Hizi nazo unazihesabu kuwa hazijafungwa?

---

FundiMkomani

Hapana, hizo zimefungwa vizuri kabisa. Ile fremu ya plastiki ina vijiti vya chuma vinavyoingia kwenye matundu ya ubavuni, kazi ni ile ile ya skrubu. Tatizo linakuja fremu ikivunjika sikio moja halafu mtu akairudisha hivyo hivyo. Plastiki ya mashine iliyokaa miaka mingi ofisini inakuwa kavu, ukiibana kwa haraka inakatika. Bana taratibu pande zote mbili.

Zile skrubu za HP zenye kimpira cha buluu ni 6-32, na mpira ni wa kupunguza mtikisiko. Msitoe mpira mkaweka skrubu tupu, diski haitaingia kwenye reli zake. Na zile nyeusi utakazokuta humo humo ni M3, za kidroo cha DVD. Watu huzichanganya kila siku.

Wewe wa saiba nakuuliza swali: jenereta yako umeiweka wapi?

---

SaibaYaPwani

😅 Nje ya ukuta, lakini meza ya mashine nambari moja imeegemea ukuta huo huo.

---

FundiMkomani

Basi sogeza meza, hata kwa upana wa kiganja. Ukuta wa mawe ya matumbawe ni mnene lakini meza ya mbao ikiugusa inapokea mngurumo wote. Na kama diski za mashine hiyo ni mbili, usizibananishe juu kwa chini. Acha nafasi ya diski moja katikati, kwa mtikisiko na kwa joto pia.

---

MalindiKazini

Salaam kutoka Malindi. Fundi kazi nzuri ila hapa umepita haraka. Muuaji nambari moja wa diski pwani ni JOTO, si skrubu. Mimi ofisini nimeweka feni mbele inapuliza diski moja kwa moja, dirisha liko wazi, upepo wa bahari unaingia. Diski iko nyuzi 34. Hiyo ndiyo siri.

---

FundiMkomani

Bwana wa Malindi, marhaba. Hapa ndipo nilipokuwa nataka tufike.

Joto lina madhara, silikatai. Diski nyingi zimeandikiwa kikomo cha nyuzi 60 na mimi nisingependa kuiona ikipita 50. Lakini Google mwaka 2007 walitoa utafiti wa diski zao zaidi ya laki moja, na wakakuta kwamba uhusiano wa joto na kufa kwa diski ni mdogo kuliko watu walivyokuwa wakisema. Diski za joto la wastani hazikuwa zikifa zaidi ya zile za baridi, na joto lilianza kuonekana kama tatizo kwenye viwango vya juu sana na kwa diski zilizozeeka. Kwa hivyo diski yako ikiwa 34 au 42, usipoteze usingizi.

Halafu mwaka 2016 Microsoft pamoja na Chuo Kikuu cha Rutgers wakachunguza vituo vyao vya data vinavyopozwa kwa hewa ya nje. Walichokuta kinatuhusu sisi wa pwani kuliko mtu yeyote: unyevu ulikuwa na athari kubwa kuliko joto. Unyevu ukipanda, diski zilikufa zaidi, na zilizokuwa zikishindwa ni sehemu za bodi na viunganishi, si sahani. Na kubwa zaidi kwa mada yetu ya mkao: kwenye vituo vyenye unyevu, diski zilizowekwa NYUMA ya seva, ambako hewa inafika ikiwa imekwisha kupashwa na vifaa vingine, zilidumu vizuri kuliko zinazopokea hewa mbichi ya nje mbele. Hewa ikipata joto, unyevu wake wa kadiri unashuka.

Sasa tazama ulivyopanga: dirisha la bahari, feni, diski. Umeichagulia diski hewa yenye maji na chumvi kuliko yote chumbani, na ukaiwekea feni ili iipate nyingi. Nyuzi 34 ni nzuri kuzitazama, lakini gharama yake unailipa kwenye pini.

---

MalindiKazini

Aisee. Lakini hao ni wa maseva, mazingira mengine. Hapa tunazungumzia kompyuta ya ofisi moja.

---

FundiMkomani

Ni kweli, na sisemi uchukue takwimu zao ukazibandika ofisini kwako. Nachukua utaratibu wa kinachotokea, na huo nauona kwa macho. Nikifungua diski zinazotoka nyumba za mbele ya bahari, nikazitoa skrubu za bodi ya saketi, chini yake kuna vidoti vya kugusanisha bodi na vichwa. Vimeshika weusi, pengine na kijani. Diski haionekani kabisa kwenye BIOS (programu ya mwanzo kompyuta ikiwaka) au inakuja na kupotea. Mara nyingine ukivisugua polepole kwa kifutio cha penseli, ukavifuta kwa spiriti safi ukaacha vikauke, diski inarudi kwa muda wa kutosha kutoa data. Hiyo ni kazi ya bodi ya nje tu. Sijamwambia mtu afungue kifuniko cha sahani, na asithubutu. Diski za kutoka Mpeketoni, mbali na maji, siioni hali hiyo sana.

Kwa hivyo kwetu mimi napanga hivi. Mashine isikae kwenye dirisha linalotazama bahari, hasa wakati wa kusi. Ndani ya kesi, diski isiwe kitu cha kwanza kupigwa na hewa ya nje kama una nafasi ya kuchagua. Iwe inapitiwa na hewa inayotembea polepole, lakini si juu kabisa karibu na pawasaplai ambako joto lote linakusanyika. Kama lazima iwe mbele nyuma ya feni, feni iende polepole na iwe na kichujio. Kipande cha soksi nyembamba ya nailoni kinafaa, kifuliwe kila kikichafuka.

Na mashine inayowashwa kila siku hudumu kuliko ile inayokaa kimya mwezi mzima chini ya kitambaa. Ikiwaka inajikausha. Ile inayokaa baridi inanyonya unyevu tu.

Pia tazameni kifuniko cha diski mtaona kitundu kidogo, wengine wameandika kabisa kisizibwe. Ni cha kupumulia, kina kichujio ndani, kinasawazisha mgandamizo wa hewa. Msikibandike lebo ya bei, na diski isikandamizwe na kitu upande huo. Zile za gesi ya heliamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 2013, zimezibwa kabisa hazina tundu hilo, lakini hizo ni nadra kuzikuta huku.

---

MwalimuWaKompyuta

Fundi habari. Shuleni tuna mashine za msaada, za zamani mno, zina ule utepe mpana wa IDE, waya wa zamani wa kuunganisha diski. Nimeweka diski mbili kwenye utepe mmoja, hakuna hata moja inayoonekana. Zote zimefungwa skrubu nne kama ulivyosema!

---

FundiMkomani

Mwalimu, hapo skrubu hazina kosa. Angalia nyuma ya diski, kati ya pini za utepe na pini za umeme, kuna kijampa kidogo cha plastiki. Diski mbili kwenye utepe mmoja lazima moja iwe bwana na nyingine mtumwa, ndivyo zilivyoitwa wakati huo. Zote mbili zikiwa bwana zinagombana. Ramani ya jampa imechapwa kwenye kibandiko cha diski.

Ukiwa na utepe wa nyaya 80 unaweza kuziweka zote kwenye CS (Cable Select), hapo utepe wenyewe unaamua: kichwa cha buluu kinakwenda kwenye mazabodi, cheusi cha mwisho kwa bwana, cha kijivu cha katikati kwa mtumwa. Na mstari wa rangi pembeni mwa utepe unakaa upande wa pini nambari moja, kwa kawaida upande wa umeme. Utepe huo haupaswi kuzidi sentimita 45, kwa hivyo panga diski kwenye nafasi ambayo utepe utafika bila kuvutwa. Hapo ndipo mahali pa diski panapoamuliwa na waya.

---

Binti_Faza

Na SATA je, ule waya mwembamba wa kisasa? Yangu ni SATA.

---

FundiMkomani

SATA haina ugomvi huo, diski moja waya mmoja, na waya unaruhusiwa hadi mita 1. Viunganishi vina umbo la L, data pini 7, umeme pini 15. Ziingize zikiwa zimenyooka. Zile L za plastiki ni dhaifu, ukisukuma mshazari inakatika na kubaki ndani ya waya, na pini zinabaki uchi. Ziliundwa kwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 hivi, si za kuchezewa kila Jumamosi.

Funga diski kwanza, waya baadaye. Ukianza na waya utakuwa unageuza diski huku imening'inia. Na hakikisha kifuniko cha ubavu kikifungwa hakikandamizi waya. Kwenye kesi nyembamba kinausukuma mpaka unalegea na diski inapotea katikati ya kazi. Ukikuta hivyo tafuta waya wenye kichwa cha kona.

Neno moja kuhusu vile viungo vya kubadilisha umeme wa zamani wenye pini nne kuwa SATA. Viko vya aina mbili. Vile ambavyo plastiki imemiminwa juu ya nyaya kama kitu kimoja, mimi sivitumii. Ndani nyaya zinaweza kusogea zikagusana, na vimewahi kuungua. Chukua vile ambavyo kila waya unaonekana umebanwa peke yake.

---

MzeeWaLangoni

Mimi swali langu ni la ndiani. Mwanangu ananiletea kompyuta kutoka Mombasa. Gari mpaka Mokowe, boti mpaka gatini, kisha punda mpaka nyumbani. Diski ibaki ndani au itolewe?

---

FundiMkomani

Mzee, itolewe kama inatolewa kwa urahisi. Ikiwa imezimwa vichwa vimeegeshwa pembeni, inastahimili mshtuko mkubwa kuliko ikiwa inazunguka, kwa hivyo boti si tatizo kubwa. Tatizo ni fremu ya kesi kupokea kishindo cha ngazi za gati. Aitoe, aifunge kwenye nguo mbili tatu, aiweke kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji ya mawimbi, na aibebe mapajani. Kesi ndiyo ipandishwe punda.

Ikifika, kama gari lilikuwa na eisii, asiichomeke hapo hapo. Kitu cha baridi kikiingia kwenye joto la Lamu kinatoka jasho. Kiache kwenye mfuko masaa kadhaa kwanza.

Na stima ikipotea usiinyanyue CPU papo hapo. Diski umeme ukikatika hutumia nguvu ya sahani zinazoendelea kuzunguka kurudisha vichwa mahali pake, ni ubunifu mzuri sana, lakini sahani zinachukua nusu dakika hivi kutulia. Subiri mpaka usiisikie.

---

SaibaYaPwani

Kwa nini tusihamie SSD tukamaliza mjadala?

---

FundiMkomani

Kwa diski ya mfumo nakubaliana nawe asilimia mia. SSD haina kinachozunguka, mkao haina habari nao, hata ukiibandika kwa mkanda wa gundi ndani ya kesi itafanya kazi. Fremu ya kuipandisha kutoka inchi 2.5 hadi 3.5 ni bei ndogo, lakini ukikosa, mkanda wa pande mbili unatosha. Usiiachie tu ikining'inia kwa waya, si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya kiunganishi.

Zile za M.2, ambazo ni kibodi chembamba kama kijiti cha chingamu, unaziingiza kwa mshazari kisha unazilaza na kufunga skrubu ndogo ya M2. Hiyo skrubu ikianguka usiwashe mashine mpaka uipate. Na kabla ya kununua hakikisha nafasi ya mazabodi yako inapokea SATA au NVMe (njia mbili tofauti za kupitisha data), kwa kuwa zinafanana umbo.

Lakini chumvi haichagui. Pini za SSD nazo zinashika kutu.

---

Binti_Faza

Nimeifunga! Kwenye kopo la baba nimepata 6-32 mbili tu. Nyingine zote M3 😩 Lamu mjini zinauzwa wapi?

---

FundiMkomani

Hongera bi Faza. Huna haja ya kununua. Skrubu zinazoshika pawasaplai nyuma ya kesi ni 6-32, na za kifuniko cha ubavu aghlabu ni hizo hizo. Pawasaplai ina nne, usiiguse. Kifuniko kina mbili au tatu, chukua hizo kama si ndefu, kifuniko kishike na za M3... hapana, hazitashika. Kifunge na mkanda mpaka upite dukani nikupe.

---

Binti_Faza

Shukran. Nimewasha, imeonekana. Nimefungua CrystalDiskInfo, ile programu ya kusoma afya ya diski: joto 41, 05 (sehemu mbovu zilizobadilishwa) ni sifuri, C5 (sehemu zinazotiliwa shaka) ni sifuri, lakini C7 inasoma 212. Diski inakufa?

---

MalindiKazini

C7 najua mimi 😄 Hiyo si diski, ni waya. Inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na mazabodi.

---

FundiMkomani

Bwana wa Malindi amesema kweli. Na hesabu hiyo hairudi nyuma hata ukibadilisha waya, kwa hivyo 212 inaweza kuwa ya mwenye diski wa kwanza. Iandike mahali. Badilisha waya wa SATA, nakili faili kubwa kwenda na kurudi, kisha soma tena. Ikibaki 212 endelea na kazi zako. Ikipanda, jaribu tundu jingine la SATA kwenye mazabodi kabla hujailaumu diski.

---

Binti_Faza

Nimebadilisha waya, nimenakili harusi nzima ya dada, video zote. Bado 212.